Saa za Kula na Saa za Kuliwa

Watu wa Rufiji, Lindi na Mtwara hawahitaji kukumbushwa miaka ya simba. Kati ya mwaka 1988 na 2009 simba walishambulia zaidi ya watu 1,000 nchini Tanzania, na maeneo yaliyoumia zaidi yalikuwa hayo ya kusini mashariki. Kila kijiji kilikuwa na maelezo yake. Wapo walioapa kwamba wale ni simba watu, wametumwa na mwenye chuki zake. Wapo waliosema ni simba mzee au mgonjwa asiyeweza tena kumkimbiza mnyama, na hawakukosa ushahidi: simba mmoja aliyeuawa Rufiji Aprili 2004, baada ya kuua watu zaidi ya 30, alikutwa na gego bovu lililotunga usaha. Maelezo hayo mawili, pamoja na tofauti zake, yanamtafuta mhalifu. Craig Packer, mtafiti wa Kimarekani aliyewafuatilia simba wa Serengeti kwa zaidi ya miongo mitatu, aliyachambua mashambulizi yale kwa njia nyingine, yeye na wenzake akiwamo Mtanzania Dennis Ikanda. Swali la simba yupi waliliacha kando, wakauliza ilikuwa saa ngapi na mwezi ulikuwa umefikia wapi. Walipochapisha majibu mwaka 2011, ilionekana kwamba mashambulizi mengi yaliangukia saa chache za mwanzo wa usiku, na kwamba yalizidi mno katika siku 10 zinazofuata mwezi mpevu.

Jambo hili ni fumbo mpaka mtu auangalie mwezi unavyokwenda. Usiku wa mwezi mpevu, mwezi huchomoza jua likizama, kwa hiyo giza halipati nafasi. Kila usiku unaofuata, mwezi unachelewa kwa dakika 50 hivi. Siku ya tatu unachomoza karibu na saa 3 usiku. Siku ya saba, karibu na saa 6 usiku. Kati ya magharibi na kuchomoza kwake pana giza totoro, na giza hilo linawakuta watu bado wako nje: mama yuko jikoni uani, mtoto anakwenda chooni, mzee anarudi kutoka kwa jirani, na msimu wa mavuno familia nzima iko kwenye dungu shambani ikilinda mahindi na mpunga. Wanaozuiwa wasile ni nguruwe pori, na nguruwe pori ndio wanaomvuta simba mpaka shambani. Mwezi mchanga unapokua, mambo ni kinyume. Jioni mwezi tayari uko juu, unamulika ua hadi watu waingie ndani, ndipo unatua. Nuru ni ileile, ila imepewa saa nyingine. Upande wa simba nao una hesabu yake. Huko Serengeti watafiti walikuwa wakikadiria kwa macho ukubwa wa tumbo la kila simba, na waliona kwamba nyakati za mwezi mpevu simba hula kidogo kuliko nyakati nyingine, kwa kuwa mbalamwezi humwumbua anayenyemelea. Giza la jioni linaporudi, njaa imekwisha kulimbikizana.

Somo ninalolichukua hapo linapita simba na linapita kusini. Tumezoea kusema mnyama huyu ni wa usiku na yule ni wa mchana, kana kwamba ni sifa ya kuzaliwa nayo, kama rangi ya manyoya. Kwa maoni yangu, ratiba ya mnyama wa porini ni matokeo ya mvutano: yupo anayemla, yupo anayeliwa naye, na kila mmoja anajitahidi kuwa macho saa zinazomfaa yeye na kumkomoa mwenzake. Saa ni mali, kama majani na maji. Zinagombewa, zinaporwa, na baadhi hulipiwa kwa roho. Ikiwa hivyo ndivyo, basi hifadhi iliyopimwa kwa kilomita za mraba na idadi ya vichwa tu bado haijapimwa, maana kipande kilekile cha nyasi ambacho saa 6 mchana ni malisho, saa 2 usiku ni machinjio.

Mvutano wenyewe ni wa kale kuliko simba. Karibu asilimia 69 ya spishi za mamalia ni za usiku. Za mchana ni kama asilimia 20, na zilizobaki huchanganya au hupendelea machweo na mapambazuko. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mababu wa mamalia wote waliishi gizani kwa sababu mchana ulishikwa na dinosaria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliolinganisha spishi 2,415, ulikadiria kwamba mamalia walianza kutoka mchana mara tu dinosaria walipotoweka, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Pua kali, masharubu ya panya, macho makubwa ya komba na ule utando unaong'aa ndani ya jicho la chui anapomulikwa na taa ya gari, vyote ni vifaa vya viumbe waliozoea kuishi kizani. Sisi na nyani ni miongoni mwa wachache waliohamia mchana moja kwa moja.

Lakini historia ndefu hivyo haimthibitishii mtu kwamba leo, wiki hii, swala anabadili saa zake kwa kumwogopa mwindaji fulani. Kwa hilo inabidi kuona usiku wenyewe, na usiku ndio ambao binadamu ameuona kidogo. Mgeni wa hifadhini huingia getini asubuhi na kutoka kabla ya giza, na katika muda huo simba anayemwona kwa kawaida amelala, kwa kuwa hupumzika saa 20 hivi kila siku. Kosa linalotokana na kutazama mchana tu lina mfano wake maarufu. Watu walikuwa wakifika Ngorongoro asubuhi, wanakuta simba wanakula na fisi wamezunguka wakisubiri, wanaandika kwamba fisi ni mla makombo. Hans Kruuk, Mholanzi aliyewafuatilia fisi kwa gari usiku wa mbalamwezi katika miaka ya 1960, alikuta kwamba ndani ya kreta ile mara nyingi fisi ndio waliokuwa wameua, na simba walikuja baadaye kunyang'anya. Asubuhi ilionyesha mwisho wa tukio, na watu wakautangaza kuwa ndio mwanzo.

Kuanzia mwaka 2010 macho yaliongezeka. Alexandra Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alitega kamera 225 zinazopiga picha zenyewe katika kilomita za mraba 1,125 za Serengeti. Picha zilikuwa nyingi hata ikabidi watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 wasaidie kuzitambua kwa intaneti. Wenzake walipozilinganisha picha hizo na tarehe za mwezi, waliona kwamba wanyama wanaoliwa na simba hawauchukulii kila usiku kuwa sawa. Nyumbu ndio waliokuwa waangalifu kuliko wote: usiku wa kiza hukaa sehemu zilizo salama zaidi, na mbalamwezi ikiwaka ndipo wanathubutu kuingia zile ambazo simba hupenda kuvizia. Nyati, ambao ukubwa na pembe huwapa kiburi, hawakubadili sana mahali, ila usiku wa giza walikusanyika kwa makundi. Sababu iko katika namna simba anavyoua. Simba hana pumzi ya mbio ndefu; pasipo kumkaribia windo kwa kiasi cha mita 30 au pungufu, mara nyingi hapati kitu. Kwa hiyo kazi yake yote ni kufika hapo bila kuonekana, tumbo likigusa ardhi, akisimama kila kichwa kinapoinuka. Giza humpa mita hizo bure. Mchana inabidi azinunue kwa kichaka, korongo au nyasi ndefu. Windo anayejua hivyo, au mwili wake unaojua, hana haja ya kumkwepa simba saa zote 24. Inamtosha kukwepa mahali pabaya saa mbaya. Ngiri yeye amemaliza ubishi: jua likikaribia kuzama anaingia kwenye shimo, mara nyingi lililochimbwa na mhanga, anaingia kinyumenyume ili meno yake yabaki yameutazama mlango, na usiku mzima hana habari na nyasi.

Hapa ndipo mwenye shaka anapoinua mkono, na hoja yake ni nzito. Anasema: yote haya ni joto. Savana ya kitropiki huwaka mchana, mnyama mwenye damu moto anakimbilia kivuli, anakula asubuhi na jioni kwa sababu ya jua, na simba huwinda usiku kwa sababu hiyohiyo. Hofu tumeiongeza sisi tunaopenda hadithi. Sehemu ya hoja hii naikubali bila masharti. Kiboko anashinda majini na kutoka kula usiku kwa kuwa ngozi yake haiwezi jua, na kiboko mzima hana anayemtisha kiasi cha kumpangia ratiba. Choroa wa Arabuni, katika jangwa la magharibi ya Saudi Arabia ambako hakuna simba, msimu wa joto kali hugeuza siku yake juu chini: analala kivulini mchana na kutembea usiku. Huo ndio mfano safi wa joto likitawala peke yake. Sasa tumpeleke mla majani mwingine mahali penye joto na simba pia, tuone nani anashinda. Michiel Veldhuis na wenzake walifanya hivyo kwa kukusanya picha za kamera kutoka hifadhi 32 za kusini mwa Afrika, nyingine zina simba na nyingine hazina. Matokeo yao ya mwaka 2020 yanasema kwamba wala majani wenye uzito wa kati, kilo 100 hadi 550, wanapoishi na simba huhamishia shughuli zao kwenye saa za joto zaidi. Kama joto lingekuwa ndiye bwana pekee, kuwapo kwa simba kusingebadili kitu. Badala yake pundamilia na nyumbu wanachagua kuungua. Ni mamalia anayejua kivuli kiko wapi, na anakiacha.

Atakayesema kwamba hifadhi 32 hutofautiana kwa mengi zaidi ya simba, aiangalie Addo, Afrika Kusini. Mwaka 2003 simba na fisi madoa walirudishwa katika sehemu ya hifadhi ile ya tembo baada ya kukosekana kwa muda mrefu sana. Jua lilibaki lilelile, majani yaleyale, nyati na tandala walewale. Watafiti walipolinganisha sehemu zenye wawindaji hao na zisizo nao, nyati na tandala waliokuwa wakijirandia usiku walionekana wamepunguza mizunguko ya gizani. Kwangu mimi mfano huu una uzito kuliko mingi, kwa sababu haikuwa lazima kungoja vizazi. Wanyama ambao hawajapata kumjua simba walijifunza saa zake ndani ya miaka michache, jambo ambalo tabia ya kuzaliwa nayo isingeweza.

Kuna pingamizi la pili, nalo linavutia zaidi. Kama swala anaukimbia usiku na kuhamia mchana, kwa nini simba naye asihamie mchana? Mbona mchezo huu usiishe kwa wote kuwa macho saa zilezile, kila mmoja akimfuata mwenziwe? Jibu la kwanza lilielezwa na Richard Dawkins na John Krebs mwaka 1979: anayekimbizwa anakimbilia uhai, anayekimbiza anakimbilia chakula cha jioni. Simba akikosa leo atajaribu kesho. Swala akikosa leo hana kesho. Kwa hiyo mwenye sababu kubwa ya kubadilika ni anayeliwa. Jibu la pili ni kwamba mwindaji naye ana minyororo yake. Simba akihamia saa 8 mchana anapoteza giza, anaongeza joto, na kila ndege na nyani anamtangaza. Anakwenda pale tu anapoona faida, kama kando ya maji wakati wa kiangazi. Jibu la tatu ndilo zito: wawindaji ni wengi, na kila mmoja ameshika zamu yake. Swala tomi anayemkwepa simba usiku anamkuta duma saa 2 asubuhi. Saa iliyo salama kabisa haipo. Ipo tu ile ambayo hatari yake ni ndogo kuliko nyingine kwa mnyama wa ukubwa fulani, mahali fulani, tarehe fulani ya mwezi.

Tena huyo duma mwenyewe anaishi kati ya kula na kuliwa. Hupenda kuwinda asubuhi na alasiri, na kwa muda mrefu ilielezwa kwamba amekimbilia mchana ili asikutane na simba na fisi, ambao humnyang'anya windo na kuwaua wanawe. Woga huo una sababu: utafiti wa Karen Laurenson katika Serengeti uliochapishwa mwaka 1994 ulikadiria kwamba ni kama asilimia 5 tu ya watoto wa duma waliofikia umri wa kujitegemea, na simba ndio waliokuwa wauaji wakuu. Hata hivyo, Gabriele Cozzi na wenzake walipowavalisha vifaa wawindaji wa Okavango, Botswana, na kuchapisha matokeo mwaka 2012, walikuta kwamba duma na mbwa mwitu hutembea sana usiku pia, hasa mbalamwezi inapowaka. Wengine walilichukua jambo hili kuwa linaivunja hoja ya hofu. Mimi naona limeirekebisha. Duma na mbwa mwitu huwinda kwa macho na kwa mbio. Usiku wa nuru wanaona windo, na wanamwona simba pia kabla hajawafikia. Usiku wa kiza hawapati chakula na hatari iko palepale. Kwao, kama ilivyo kwa nyumbu, usiku si kitu kimoja. Kuna usiku wa kutoka na usiku wa kukaa. Mbwa mwitu wa Laikipia, Kenya, wanaongeza funzo jingine: siku za joto kali wanapunguza kuwinda mchana na kujaribu kufidia usiku, lakini kufidia huko kunategemea mwezi, na saa wanazopata hazifiki zile walizopoteza. Joto na hofu vinakaba kutoka pande mbili.

Wengine hawapendi neno hofu kwa mnyama. Wanauliza kama kweli nyumbu anahesabu siku za mwezi. Sidhani kwamba anahesabu, wala hoja hii haihitaji ahesabu. Inatosha kwamba waliozurura kwenye korongo usiku wa kiza walizaa wachache, kwamba ndama hufuata nyayo za mama yake, na kwamba harufu ya simba huyapandisha mapigo ya moyo. Mambo hayo matatu yanaweza kutengeneza ratiba bila yeyote kupanga.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba simba ndiye mkubwa wa saa. Siku hizi sivyo. Mwaka 2018 Kaitlyn Gaynor na wenzake walikusanya tafiti 76 za spishi 62 za mamalia katika mabara 6, na walipata kwamba mahali penye usumbufu wa watu wanyama wameongeza shughuli za usiku kwa kiasi cha mara 1.36. Mnyama ambaye angegawa siku yake nusu kwa nusu sasa anaweka asilimia 68 ya shughuli zake gizani. Katika hifadhi ya Kruger, Liana Zanette na wenzake walitega vipaza sauti kwenye mabwawa ya kunywea maji: mara sauti za simba, mara mbwa, mara bunduki, mara watu wakizungumza tu, bila kelele. Matokeo ya mwaka 2023 yaliwaduwaza wengi. Wanyama walikuwa na uwezekano mara mbili zaidi wa kukimbia waliposikia watu kuliko waliposikia simba, na waliyaacha maji upesi zaidi kwa asilimia 40. Mazungumzo ya kawaida yalitisha kuliko sauti za simba. Nyumbani kwetu Afrika Mashariki ushahidi uko wazi vilevile. Mkenya Festus Ihwagi alichambua nyendo za tembo 60 wa Laikipia na Samburu waliovalishwa mikanda kati ya mwaka 2002 na 2012, akaona kwamba ujangili ulipopanda, tembo walihamishia safari zao usiku. Ukilinganisha mwendo wa usiku na wa mchana unaweza kukisia mahali wanapouawa. Fisi wa Talek, Maasai Mara, nao walizidi kuwa wa usiku kadiri mifugo na wachungaji walivyoongezeka katika malisho yao.

Hapo mtu mwenye matumaini anasema: vizuri basi, wanyama wametutatulia ugomvi. Mchana wetu, usiku wao, tuishi kwa zamu. Jambo hilo lina ukweli, na mahali pengi ndilo linalowezesha simba na ng'ombe kuishi katika nchi moja. Simba wa Laikipia hukaa mbali na maboma mchana, na usiku watu wakiwa wamelala hupita karibu. Lakini zamu hiyo ina mlipaji. Mfano ninaourudia ni wa Hwange, Zimbabwe. Ndani ya hifadhi, swala pala, tandala na palahala hunywa maji mchana zaidi, simba wakiwa wamelala. Katika vitalu vya uwindaji vinavyopakana nayo, ambako bunduki hulia mchana, wanyama hao waliongeza kunywa usiku. Yaani tandala amebanwa kati ya mtu wa mchana na simba wa usiku, na kiu haingojei. Tembo anayetembea usiku, saa anazotumia kusafiri amezikata kwenye usingizi na malisho. Mnyama wa namna hiyo, mhesabuji hatamkuta akiwa mzoga. Atamkuta hai, amekonda kidogo, anazaa kwa kuchelewa, na kwenye kitabu cha sensa bado ni mmoja.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba mipango yetu ya uhifadhi ina ramani nyingi na saa chache. Ushoroba huchorwa kwa upana na urefu. Sijaona wengi waliochora ushoroba kwa kusema uko wazi kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, ingawa tembo wanaupita kwa saa. Chukua Mikumi, Tanzania. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inapita ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, na pembeni pana mabango yanayoonyesha faini ya kila mnyama atakayegongwa. Mwaka 2023 serikali iliondoa marufuku ya tangu miaka ya 1990 iliyoyazuia mabasi ya abiria kusafiri usiku kucha. Mjadala niliousikia ulikuwa wa ajali, majambazi, biashara na uchovu wa madereva, mambo ya haki kabisa. Lakini uamuzi kuhusu saa za mabasi ni uamuzi kuhusu saa za nyati pia. Malori tayari yalikuwa yakipita. Sasa yameongezeka mabasi, na mnyama aliyehamia usiku ili asikutane nasi anatukuta na huko.

Wahindi walilijaribu jambo hili kwa njia ya moja kwa moja. Tangu mwaka 2009 barabara inayokatiza hifadhi ya chui milia ya Bandipur, jimboni Karnataka, hufungwa kwa magari kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi, isipokuwa ya dharura na mabasi machache. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya jimbo iliikubali amri hiyo. Watu wa Wayanad, upande wa Kerala, hawajaacha kulalamika: barabara ni njia yao ya kwenda sokoni na hospitali, na mzunguko ni mrefu. Malalamiko yao ni ya kweli, na yeyote atakayependekeza kitu kama hicho Mikumi, kwenye njia ya kwenda Zambia, atakutana na makubwa zaidi. Mimi nisingeanza na usiku wa manane. Kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, wanyama wa mchana wanarudi na wa usiku wanatoka, wote wako njiani kwa pamoja, na madereva nao wako katika mwendo wa kuwahi kufika. Amri ya Bandipur inaziacha saa hizo tatu wazi. Mikumi zinaweza kushughulikiwa bila kufunga barabara, kwa matuta zaidi, kamera za mwendo kasi zinazofanya kazi gizani, na kikomo cha mwendo cha jioni kilicho chini ya kile cha mchana.